Waambieni vijana wasinunue kamera kwa kusoma boksi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua, na kama imekuwa ndefu mkate popote mnapotaka, lakini tafadhali msikate pale kwa flashi, hapo ndo maneno iko.

Mi ni mpiga picha hapa Kisumu, nimezunguka na kamera tangu enzi za filamu za picha 36, nikianzia pale Jomo Kenyatta Sports Ground siku za sikukuu, halafu harusi, matanga, ayie (ile sherehe ya Waluo ya kumpa mama wa msichana heshima yake kabla ya harusi), gredu yaani mahafali, yote nimefanya. Juzi nikasoma kwa gazeti lenu mtu akishauri vijana wanaotaka kuingia hii kazi, ati wanunue simu nzuri, na kama lazima iwe kamera basi watafute ile ndogo ya mfukoni yenye megapikseli nyingi, yaani mamilioni ya nukta za picha. Hiyo ya simu tunaweza bishana polepole tukinywa chai. Hiyo ya megapikseli ndo imenifanya niandike, kwa sababu ushauri kama huo umeshakula pesa ya mtoto wa dadangu.

Kijana yuko Nyalenda, miaka 22, amebeba mchanga kwa mjengo karibu miezi mitatu akiweka pesa. Siku moja ananipigia, "Anko nimepata kamera, mpya kwa boksi, megapikseli 48, elfu tisa na mia tano tu." Hata kabla niione roho ilishuka. Nikaenda. Boksi ni mzuri ajabu, rangi ya dhahabu, imeandikwa 48 kubwa kama namba ya matatu, chini 4K, chini yake zumu mara 16. Nikaiwasha, lenzi haitoki nje hata milimita moja, maana yake hakuna zumu hapo, inachofanya ni kukata picha na kuivuta kama mtu anavuta chapati mbichi. Nikageuza nikaangalia flashi. Mahali pa flashi kuna kadoti ka njano, LED, ileile taa ya simu ya mulika mwizi. Sikutaka kumvunja moyo hapo kwa hapo nikamwambia tu ajaribu kwanza na watu wa nyumbani.

Hakujaribu na watu wa nyumbani. Akachukua kazi ya ayie huko Ahero, watu wakafika wamechelewa kama kawaida, mambo yakaanza saa kumi na mbili jioni ndani ya nyumba ya mabati yenye balbu moja. Zile picha nimeziona. Shangazi wa bibi harusi anacheka na mikono juu, kila mkono una vidole kama kumi na viwili, uso ni kama moshi. Mama mwenyewe, mwenye siku, uso wake umeingia giza kabisa na nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa unang'aa kama mbingu. Mama wa studio ya kuprint pale mjini akamuuliza kijana kama alipiga picha akiwa kwa boda inatembea. Pesa ya kazi hakulipwa, na dukani alikonunua, ambapo sitapataja, akaonyeshwa tu kale kakaratasi ka ukutani ka kilichouzwa hakirudishwi.

Sasa Mhariri wacha nieleze kwa nini, maana si uchawi.

Flashi ya kweli ni tyubu ndogo ya kioo yenye gesi ya zenoni, kamera inajaza umeme kwa kapasita, kale kahifadhi ka umeme ndani yake, halafu inaumwaga wote kwa mpigo mmoja, mwanga unawaka kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde na kuzima. Kwa huo muda hata mtu akicheza ohangla anaganda kwa picha. LED inawaka pole na mwanga wake ni kidogo sana ukilinganisha, kwa hivyo kamera inalazimika kuacha shata, ule mlango wa kuingiza mwanga, wazi muda mrefu, na huo muda wote shangazi anasogea. Basi. Ndo vidole kumi na viwili vinatoka hapo. Ukiwa dukani angalia tu kwa macho, nyuma ya plastiki ya flashi ukiona kama kakijiti ka kioo kamelala hiyo ni zenoni, ukiona kadoti ka njano rudisha kamera kwa kaunta useme asante.

Na hizo megapikseli. Mteja wa Kisumu anataka nini? Anataka kadi ya inchi 4 kwa 6 ya kuweka kwa albamu, na moja kubwa ya ukutani. Inchi 4 kwa 6 ikiprintiwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inataka nukta 1200 kwa 1800, piga hesabu, ni kama megapikseli 2 na kidogo. A4 ni karibu 9. Sasa hizo 48 ni za kufunika nini kama si macho ya mnunuzi? Tena hata watengenezaji wenyewe wanajua, Canon walitoa PowerShot G10 mwaka 2008 ikiwa na megapikseli 14.7, mwaka uliofuata wakatoa G11 wakashusha mpaka 10 ili picha za gizani zitoke safi zaidi. Walishusha! Muulize muuza duka akueleze hiyo uone atakavyokuna kichwa.

Kitu cha kuuliza ni sensa, ile sahani ndogo ndani inayopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini zina sensa inayoitwa 1/2.3, ambayo ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, hata kucha ya kidole cha mwisho inaishinda. Halafu kuna ile inayoitwa ya inchi moja, ambayo usidanganyike haina inchi popote ukiipima, hilo jina ni la kurithi kutoka kwa tyubu za zamani za kamera za televisheni, yenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8. Lakini hata hivyo eneo lake ni mara nne ya ile ndogo. Hiyo ndo iko kwa Sony RX100 iliyotoka 2012 na Canon G7 X ya 2014. Katikati hapo kuna ile ya 1/1.7 iliyokuwa kwa zile Canon G za zamani, G11, G12, G15, kubwa kidogo tu kuliko ya chini, lakini hizo zina mambo mengine mazuri ntafika.

Kwa picha ya uso wa mtu mi naweka lenzi mbele ya sensa hata. Kijana akishika kamera ndogo kitu cha kwanza anafanya ni kumkaribia mtu bila kuvuta zumu, anapiga akiwa hatua moja kwa lenzi pana ya milimita 28 (namba ikipanda ndo zumu inavutika), halafu mteja analalamika ati pua yake imekuwa kama ya mtu mwingine. Lenzi pana ukiwa karibu inavimbisha kilicho mbele, na kwa uso kilicho mbele ni pua. Rudi nyuma hatua tatu nne, vuta zumu mpaka 80 ama 100, uso unakaa vile Mungu aliuweka. Sasa shida ni hii, kamera nyingi ndogo ukivuta zumu lenzi inajifunga, mwanzo wameandika f/1.8 kwa herufi za kujisifu (namba ya f ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia), mwisho wa zumu imekuwa f/4.9 ama 5.9. Ile RX100 ya kwanza iko hivyo, 1.8 ukiwa pana, 4.9 ukifika 100, hiyo inakaribia kuwa sehemu moja ya nane ya mwanga. Na kaflashi ka kamera ndogo kenyewe hakana nguvu, kwa hivyo umekanyima chakula na unakatuma kazi. Ndo maana nawaambia wasome namba mbili zilizoandikwa kwa mdomo wa lenzi, wasome ya pili ndo ya maana. G15 inasema 1.8 mpaka 2.8 na inafika 140, G7 X inasema 1.8 mpaka 2.8 na inafika 100. Hizo ni lenzi za kupiga watu.

Nguvu ya flashi watu hawaielewi kabisa, jamani. Mwanga unapoenda unatawanyika, ukimpiga mtu akiwa mita moja na nusu halafu arudi mita tatu, haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hivyo yule anasimama nyuma ya kanisa na kakamera anawasha flashi kwa kwaya iko madhabahuni, anachofanya ni kumulika visogo vya waumini wa viti vya nyuma. Kamera ndogo kwa flashi yake yenyewe ni kazi ya mita moja mpaka tatu, nne ukipandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kushika mwanga, na ukubali chengachenga.

Na hapo ndo nakuja kwa kile kitu kimoja ambacho ningemwambia kila kijana atafute, ile reli ya chuma juu ya kamera ya kuvalisha flashi ya nje, sisi tunaita hotshu. Kamera nyingi za mfukoni hazina. RX100 ya kwanza haina, ya pili ya 2013 iko nayo, ya tatu wakaitoa tena sijui walikosewa na nani. G7 X haina. Zile G za zamani G10, G11, G12, G15 zote ziko nayo, Panasonic LX5 na LX7 pia. Ukiwa na hotshu unaweka flashi ya nje yenye shingo ya kugeuka, si lazima ya bei kali, hata ile Godox ndogo ya TT350 inatumia batri mbili tu za kalamu, angalia tu uchukue ya aina inayoingiana na kamera yako. Halafu ukiwa na flashi ya kugeuka hupigi mtu usoni, unageuza unapiga dari, mwanga unashuka mpana na laini kama wa dirisha, ile mafuta mtu amejipaka asubuhi haing'ai kwa paji la uso.

Lakini dari gani? Hapa ndo vitabu vya wazungu vinatuacha. Nyumba nyingi tunazoenda ni mabati bila siling'i, mwanga ukienda juu unapotelea kwa mbao na masizi. Hapo geuza kichwa cha flashi upande, utafute ukuta mweupe, kama hakuna ukuta mwambie mtu ashike shuka nyeupe, nimeshafanya na kitambaa cha meza ya wageni na hakuna aliyejua. Kwa tenti ni hivyohivyo, tenti nyeupe ni zawadi, tenti ya bluu ukipiga juu bibi harusi anatoka kama mtu ameugua, tenti nyekundu na njano usijaribu, piga mbele moja kwa moja na uweke karatasi nyeupe ya tishu mbele ya flashi. Kwa zile RX100 kuna kaujanja, kaflashi kake ka kuruka juu unaweza kukashikilia nyuma kwa kidole kakaangalia juu, nguvu si nyingi lakini kwa chumba kidogo chenye dari nyeupe inafanya.

Macho mekundu nayo. Wateja wanasema ni kamera mbovu, wengine wanasema mambo mengine ya kutisha kabisa. Ni hivi, gizani mboni imefunguka, flashi iko sentimita chache kutoka kwa lenzi, mwanga unaingia unagonga nyuma ya jicho penye damu nyingi unarudi njia ileile. Ukiinua flashi juu kwa hotshu ama uigeuze, imekwisha. Ile setingi ya kamera ya kumulika kwanza ili mboni ijifunge inasaidia kidogo lakini kwa watu wetu ina kasoro yake, ikimulika mara ya kwanza mzee anajua picha imeshatoka, anageuka kumwita mjukuu, flashi ya pili inampata akiwa kisogo. Nina picha za visogo za kutosha kufungua maonyesho. Mi nimeizima, nawaambia tu waangalie balbu kwanza.

Sasa Mhariri kitu ambacho watu hawaamini mpaka waone, kamera ndogo kuna mahali inashinda zile kubwa za shingoni. Njoo Maseno siku ya gredu, saa saba mchana, na Ikweta inapita hapohapo Maseno kwa hivyo jua linakuwa karibu juu ya kichwa. Mwanafunzi amevaa joho jeusi na ile kofia bapa, kofia inatupa kivuli kutoka paji mpaka kwa pua, macho hayaonekani, amekuwa kama mtu amevaa miwani ya giza. Hapo lazima flashi, mchana, wapita njia wanakucheka ati unawasha taa na jua liko. Wacha wacheke. Kamera kubwa nyingi shata yake haiwezi kuenda na flashi ya kawaida ikipita 1/200 ama 1/250 ya sekunde, kwa hivyo kwa jua kama hilo unalazimika kufunga lenzi mpaka f/11 hivi, na flashi sasa inatakiwa ipige kwa nguvu sana ndo ifike. Kamera ndogo nyingi shata iko ndani ya lenzi yenyewe, inafunguka yote kwa pamoja, kwa hivyo unaenda 1/500, 1/640 na flashi bado inafanya kazi. Tulijaribu na kijana, ISO 80, f/5.6, shata 1/640, mtu akiwa mita moja na nusu, ile flashi ndogo ya kamera yenyewe ikatosha kufungua macho chini ya kofia na mawingu nyuma yakabaki na rangi yake. Jamaa mmoja kando yetu na kamera ya laki moja na kitu alikuwa anahangaika kupeleka wateja chini ya mti.

Ila kwa joho jeusi angalieni kitu kimoja. Kamera ikiona nguo nyeusi kubwa inadhani dunia imekuwa giza, inapiga flashi kupita kiasi, uso unachomeka, paji linakuwa doa jeupe. Na mtu mweusi wetu mwenye ngozi nzuri ya kung'aa ndo anaonewa zaidi. Tafuta kwa menyu ile alama ya mshale wa radi na jumlisha kutoa, ishushe mpaka kutoa moja hivi. Mtu akivaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe inakuwa kinyume, hapo unapandisha. Kamera isiyokuruhusu kupandisha na kushusha flashi, inayojua otomatiki tu, hata kama ni ya bure mi sichukui, labda ya kumpa mtoto.

Mtaniuliza bei. Mpya za maana ni pesa ndefu, sitadanganya mtu, tena siku hizi vijana wa mjini wamezirudia hizi kamera ndogo kwa sababu ya fasheni na bei imepanda hata ya zile za zamani. Tunanunua mtumba. Kwa mtumba usione aibu, washa zima mara tano usikie lenzi ikitoka na kuingia, ikikwaruza kama ina mchanga iache. Piga ukuta mweupe ukiwa umefunga lenzi mpaka f/8, vuta picha uangalie madoa, doa likikaa mahali palepale kwa kila picha hilo ni vumbi ndani na kulitoa ni kufungua kamera yote. Piga flashi mara kumi mfululizo uhesabu inachukua sekunde ngapi kujaa, ikifika sekunde kumi na kitu batri imechoka ama kapasita. Na uvalishe flashi ya nje kwa hotshu uone inawaka, watu wanasahau hiyo wanafika nyumbani wanakuta reli ni pambo.

Simu siidharau, mimi mwenyewe nayo napigia mchana kwa kivuli na inatoka safi. Lakini ile mitindo yake ya kufifisha nyuma, mlete msichana wa nywele ya afro ama rasta ndogondogo uone vile inamnyoa pembeni. Na usiku ikiwasha kataa kake, tumesharudi kwa shangazi wa Ahero.

Ninachoomba ni hivi. Mnapoandika tena kuhusu vifaa vya kazi, mtume mwandishi atembee Oginga Odinga Street na maduka ya Nakuru na Kakamega afungue hayo maboksi ya 48 na aandike kilichoko ndani, sensa gani, lenzi gani, ni flashi ama ni tochi. Wengi wanaonunua si watu wa kuchezea, ni vijana wametoka kwa mjengo na kwa boda wakitafuta kazi ya kukaa kivulini.

Mtoto wa dadangu nimemsaidia akapata G15 ya mtumba, elfu kumi na nne, imekwaruzwa pembeni lakini lenzi ni safi, na flashi yangu ya zamani nimemwachia. Alirudi Ahero kwa hiari yake akapiga yule mama tena, bila malipo, ameketi mlangoni, flashi imegeuzwa kwa ukuta wa chokaa uleule. Hiyo picha iko ukutani sasa. Kitu kimebaki ni batri ya pili, NB-10L, amenunua mbili mtaani na zote zimevimba ndani ya wiki tatu, kwa hivyo kama kuna msomaji anajua duka lolote hapa Kisumu lenye ile isiyo feki aandike kwa ukurasa huu, tutaona.

Mpiga picha,
Kisumu